Hirola wa kadibodi: Kompyuta huchora, mkono humjenga

Mtoto anayekulia Garsen anaweza kumaliza masomo yake bila kumwona hirola hata mara moja, ilhali baadhi ya swala hao wa mwisho duniani wanaishi ng'ambo ya Mto Tana, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, Kaunti ya Garissa. Katika miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000 kati ya Mto Tana na kusini magharibi mwa Somalia. Maradhi ya sotoka yaliyozuka kati ya 1983 na 1985 yaliwafyeka wengi mno, na sasa wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Mwaka 2012 hirola 48 walitiwa ndani ya ua maalumu huko Ishaqbini ili wazaliane mbali na simba na chui.

Kwa kuwa mnyama huyo haonekani kwa urahisi, iko njia ya gharama ndogo inayoweza kumfikisha darasani akiwa na umbo na kimo chake: kumsanifu katika kompyuta, kisha kumjenga kwa kadibodi za maboksi yanayotupwa madukani.

Sanaa ya kuunda wanyama kutokana na taka si ngeni katika pwani ya Kenya. Ndara zilizookotwa katika fuo za Kiunga, Kaunti ya Lamu, zilianza kugeuzwa kuwa vinyago vya wanyama mwishoni mwa miaka ya 1990, kazi inayoendelezwa na kampuni ya Ocean Sole jijini Nairobi. Kadibodi nayo ilipata sifa mwaka 2025, wakati msafara wa sanaa uitwao The Herds ulipoanzia Kinshasa, nchini Congo, na kuelekea Norway ukiwa na vikaragosi vya wanyama wa ukubwa halisi, vilivyoundwa kwa kadibodi na plaiwudi. Wasanii wa kundi la Ukwanda la Cape Town, Afrika Kusini, walishiriki katika kuvibuni.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya ndara na kadibodi. Mchongaji wa ndara hugandisha tabaka nyingi, kisha akapunguza kwa kisu hadi umbo litokee. Kadibodi haichongwi, ni karatasi bapa inayokubali kukunjwa upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukijaribu kuifunika chungu, itajikunja na kupasuka. Hapo ndipo kompyuta inapohitajika.

Kazi huanza kwa picha mbili za mnyama, moja ya ubavuni na nyingine ya mbele. Picha hizo huwekwa katika programu ya kuchorea maumbo, kwa mfano Blender, ambayo hutolewa bila malipo. Msanifu huchora nusu moja ya mwili, na programu ikamtolea nusu ya pili kama kioo kitoavyo taswira. Ngozi ya mnyama hugawanywa kuwa pembetatu na pembenne bapa. Zikiwa chache mno, hirola atafanana na mbuzi. Zikiwa nyingi mno, mkataji atachoka kabla ya kufika shingoni.

Kupanga ni kuchagua. Mgongo na tumbo hutosheka na vipande vikubwa. Vipande vidogo vihifadhiwe kwa kichwa, kwani ndicho kimtambulishacho hirola: uso mrefu mwembamba, mstari mweupe uunganishao jicho na jicho mithili ya miwani, tezi zilizotuna mbele ya macho, na pembe zenye mapingili ambazo hupanuka kando kisha ncha zake zikaelekea juu. Msanifu asiyezijua alama hizo hatasaidiwa na kompyuta, kwani programu haijui swala huyu yupi na yule yupi.

Hatua ya pili ni kulichana umbo hilo na kulilaza bapa, mfano wa fundi cherehani afumuaye kanzu ili apate vipimo vyake. Programu hutoa kurasa zenye vipande, na kila ukingo huwa na nambari inayolingana na ya ukingo utakaoshikana nao. Mistari ya kukata hutofautishwa na ya kukunja, na pembeni huachwa vikunjo vya kupakia gundi. Hirola hufikia kimo cha mita 1 hivi begani. Akiundwa kwa nusu ya kimo hicho, kadibodi itakayohitajika kwa ngozi ni robo tu, jambo linalofaa kwa wanaoanza.

Kurasa zilizochapishwa hubandikwa juu ya kadibodi, kisha vipande hukatwa kwa kisu kikali na rula ya chuma. Mstari wa kukunja haukatwi, bali hukandamizwa kwa kalamu iliyokwisha wino ili kadibodi ipinde bila kuvunjika. Tena, ndani ya kadibodi mna mawimbi. Katika miguu, mawimbi hayo yasimame wima kama nguzo. Yakilala, mguu utakunjika chini ya uzito wa mwili.

Kwa sababu hiyo hiyo mwili hutiwa mbavu ndani. Hizi ni vipande bapa vinavyopishana kwa mikato, kila kimoja kikiwa kimekatwa hadi nusu ya kina chake. Upana wa mkato lazima ulingane na unene wa kadibodi, ambao kwa maboksi mengi ni milimita 3 au 4. Kwato zikijazwa mchanga, mnyama hatapinduka. Ujenzi huanzia kichwani, na tumbo hufungwa mwisho kabisa, kwani mkono unahitaji nafasi ya kuingia ndani na kukandamiza gundi.

Adui mkubwa wa kazi hii ni unyevu, na Garsen iko katika nyanda ambazo Mto Tana huzifurika mara kwa mara. Gundi nyeupe ya mbao yafaa kuliko ya unga, ambayo huvutia mende. Tabaka mbili za rangi ya mafuta huikinga ngozi, lakini kinyago kiwekwe ndani, juu ya meza, mbali na sakafu.

Hata akitunzwa vyema, hirola wa kadibodi hatadumu miaka mingi. Faida yake kuu hupatikana wakati wa kumjenga. Mwanafunzi aliyepima uso wa hirola, akahesabu mapingili ya pembe na kuweka kila kipande mahali pake, atamtambua siku akimwona malishoni, na atajua kuwa huyo si swala wa kuwindwa.