Kuipa Dar Kisogo ili Ufike Dar

Mama mkubwa alipopewa rufaa ya Dar es Salaam, watoto wake wa mjini walishauri apande ndege. Magoti yamegoma, anatembelea kiti mwendo, na ana insulini ya kila siku. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hiyo ndege inakuja kunichukulia hapa Igawa?"

Swali lile ndilo lililonifanya nishike kalamu na karatasi.

Uwanja wetu wa ndege ni Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012. Kutoka Igawa unaifuata barabara kuu kuelekea magharibi: Chimala, Igurusi, foleni ya Uyole, jiji lote la Mbeya, ndipo uuone uwanja. Ni zaidi ya kilomita 100 za kuipa Dar kisogo. Mgonjwa wa kiti mwendo hawezi kuzipita kwa kubadilisha daladala. Atakodi gari, na dereva atakutajia bei ya kwenda na kurudi hata kama atarudi mtupu. Upande wa pili kuna Nduli, Iringa. Huko ni mbali zaidi, kilomita 200 na ushei, lakini angalau unasogea kule unakokwenda. Kabla ya kuuliza nauli ya ndege, uliza bei ya gari hilo. Mara nyingi ndilo linaloamua.

Basi ni rahisi kulihesabu. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza kutumika Desemba 2023, daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita na daraja la kati ni 67.84. Igawa hadi Dar ni kama kilomita 700. Basi la kawaida linatoka karibu shilingi 34,000, la kati kama 47,500. Ila usiishie hapo. Mwenye goti lisilokunjika, au mguu uliofungwa hogo, anahitaji siti mbili, na msindikizaji ya tatu. Tayari ni zaidi ya 142,000 kwa daraja la kati, kwenda tu. Bado konda hajakitazama kiti mwendo na kutaja bei ya buti, ambayo hupanda na kushuka kwa kadiri anavyokuona usoni.

Hapo ndege inaanza kurudisha fedha yake. Kwa desturi ya mashirika mengi, kiti mwendo na magongo ya mgonjwa husafiri bure, nje ya uzito wa begi lake. Unachotakiwa ni kutoa taarifa mapema, saa 48 kabla ndiyo kawaida, na kueleza hali kwa usahihi: anatembea lakini umbali unamchosha, hawezi ngazi, au lazima abebwe mpaka kwenye siti. Hayo ni makundi matatu tofauti katika mfumo wa tiketi, na watu wetu kwa staha hutaja hali nafuu kuliko ilivyo. Mama mkubwa naye alitaka kusema "natembea kidogo". Nikamwambia, mama, ngazi za pangaboi hazina staha. Zile Q400 za watu 76 za Air Tanzania hupandwa kwa ngazi za mlangoni, na asiyeweza kuzipanda ni wa kubebwa.

Kiti cha umeme kina mtihani wake, nao ni betri. Chukua volti, zidisha kwa ampea-saa, upate wati-saa. Betri ya lithiamu inayotolewa kwenye kiti isizidi 300. Yenye volti 24 na ampea-saa 10 ni 240, inapita. Ya ampea-saa 20 ni 480, itabaki Songwe. Ikishatolewa haiwekwi kwenye shehena. Unaingia nayo ndani, ncha zake zimefunikwa. Piga picha lebo yake ukiwa nyumbani, maana kaunta si mahali pa kuanza kuitafuta.

Insulini haibagui chombo. Ndege au basi, inakaa kwenye mkoba wa mkononi pamoja na sindano, mashine ya kupimia sukari na barua ya daktari. Shehena ya ndege inaweza kuigandisha, buti la basi linaweza kuipika.

Ugumu hasa uko kwa mwenye kutegemea oksijeni. Mtungi wake wa nyumbani haupandi ndege bila kibali cha shirika, na mashirika mengi hukataa kabisa. Hukubali zaidi ile mashine ndogo inayochuja hewa, baada ya daktari kujaza fomu ya afya. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuwa na betri za mara moja na nusu ya muda wa kuruka. Songwe hadi Dar ni kama saa moja na nusu, kwa hiyo saa mbili na robo, nami ningeongeza za kusubiri ukungu. Kwa basi la saa kumi na zaidi utahitaji rundo la betri, na zinauzwa ghali. Lakini kuna upande mwingine wa mizani. Hewa ndani ya ndege huweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400. Basi kwenye njia hii hukwea mpaka Mafinga, inayokaribia mita 1,900, kisha huteremka Kitonga na kuendelea kushuka hadi pwani. Kwa hiyo basi lina mwinuko mdogo kwa saa nyingi, ndege ina mwinuko mkubwa kwa muda mfupi. Hapo bei isitangulie. Daktari wa mapafu ndiye anayechagua tiketi.

Kuna wanaoshuka Morogoro na kumalizia kwa treni ya SGR, ambayo ilipoanza 2024 nauli ya daraja la kawaida hadi Dar ilikuwa 13,000. Kwa mwenye afya ni jambo zuri. Kwa mgonjwa, kumshusha stendi na kumpandisha tena stesheni ya Kihonda ni kumchosha mara mbili.

Jambo moja hesabu za watu huliruka: kliniki husogezwa tarehe. Tiketi ya ndege ya bei ya chini ikibadilishwa unalipa, pengine inapotea kabisa. Ya basi unaikata kesho yake.

Basi tukakubaliana hivi. Mama mkubwa alikwenda kwa ndege, kwa sababu siku ya daktari ilikuwa moja na magoti yalikuwa yamevimba. Kurudi alikataa. Ndege ingempitisha juu ya Igawa hadi Songwe, kisha alipe gari la kumrudisha. Akapanda basi la usiku, siti mbili, mguu juu ya mto, na alfajiri konda akashusha kiti mwendo hatua chache kutoka dukani kwa mwanawe.