Mashine ya Kukata Majani Iliyo Ndani ya Mwili

Mfugaji anayefungia ng'ombe zizini anaijua kazi ya mashine ya kukata majani. Nyasi ndefu zaingia huku, vipande vifupi vyatoka kule. Je, wajua kwamba ndani ya seli za mwili wako kuna mashine kama hiyo, tena nyingi? Wataalamu huiita proteasomu.

Ina umbo la pipa dogo sana, na visu viko ndani ya tundu lake visije vikakata ovyo. Protini iliyochakaa hutiwa alama kwanza, ndipo iingizwe. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, waliofumbua jambo la alama hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2004.

Usidhani hiyo ni kazi ya kufagia taka tu. Virusi vya surua vikiingia ndani ya seli huilazimisha itengeneze protini zao. Askari wa mwili hawawezi kufungua mlango wachungulie. Lakini protini hizo nazo hukatwakatwa, na vipande vingine hupelekwa nje na kuanikwa juu ya ngozi ya seli. Askari hupita wakikagua. Wakikuta kipande kigeni wanaiua seli hiyo, na virusi hukosa mahali pa kuzaana.

Vita vikianza, askari hutoa kemikali iitwayo interferoni. Hapo seli huunda mapipa mapya yenye visu vya aina 3 tofauti na vya kawaida, vinavyotoa vipande rahisi kuanikwa. Seli za kinga huwa na visu hivyo hata wakati wa amani, maana nyingine kazi yao ni kuwafundisha askari. Chanjo ya surua inatumia njia hiyo hiyo: ni virusi hai vilivyodhoofishwa, huingia katika seli, hukatwa, na askari hujifunza mapema. Hapa Kenya mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, halafu miezi 18. Wengi wanasahau ile ya pili!

Malaria ni mjanja zaidi. Akiwa katika ini, vipande vyake vyaweza kuanikwa. Lakini baada ya siku chache huhamia katika chembe nyekundu za damu, na hizo zikikomaa hazianiki kitu. Askari hawa hupita kando bila kushtuka. Basi mtoto akipata homa apelekwe akapimwe damu siku hiyo hiyo.