Je, Wajua? Treni ya Ziwa Nyasa Iko Njiani Tangu Enzi za Mjerumani

Je, wajua kwamba mkazi wa Liuli akitaka kupanda treni ya abiria, stesheni anayoweza kuitegemea ni Makambako, mkoani Njombe? Kwa kawaida huanza kwa kufuata mwambao hadi Mbamba Bay, akapanda milima ya Umatengo mpaka Mbinga, akapita Songea, kisha akageukia kaskazini hadi Njombe na kuipita. Kufikia hapo ameshaona ziwa, kahawa, mashamba ya mahindi ya Ungoni na baridi ya Ubena, na bado hajasikia honi ya treni.

Je, wajua kwamba mkoa wa Ruvuma peke yake ni mkubwa kuliko Uswisi? Ruvuma una zaidi ya kilomita za mraba 63,000. Uswisi haifiki 42,000, tena imejaa milima kuliko sisi, lakini ina zaidi ya kilomita 5,000 za reli, na mgeni anaweza kuizunguka jimbo kwa jimbo bila kugusa gari. Ruvuma haina hata kilomita moja. Kwa hiyo anayesema kwamba treni haiji kwetu kwa sababu ya milima, atafute sababu nyingine.

Je, wajua kwamba reli ya kuja Ziwa Nyasa ilianza kuzungumzwa kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa? Wajerumani walitaka kujenga Reli ya Kusini kutoka Kilwa hadi Manda, kaskazini ya Liuli, mahali walipopaita Wiedhafen. Mwaka 1905 mtaalamu wao Paul Fuchs alichapisha kitabu kizima kuhusu uchumi wa nchi ambayo reli hiyo ingepita. Mwaka huohuo nchi hiyohiyo iliwaka moto wa Vita vya Maji Maji. Fedha na chuma vikaenda kwenye Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na ya kusini ikabaki kwenye karatasi.

Mara ya pili alikuja Mwingereza na karanga zake. Mradi wa karanga wa Nachingwea ulijengewa reli mwishoni mwa miaka ya 1940, baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Karanga zilishindwa, reli ikakosa mzigo, na mwaka 1962 ikafungwa kisha ikang'olewa. Huo ndio ukaribu mkubwa kuliko wote ambao treni imewahi kuwa nao na Ruvuma kwa upande wa mashariki. Sasa tuko kwenye mara ya tatu: mpango wa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Jumla ni kama kilomita 1,000.

Je, wajua kwa nini mhandisi wa reli hukuna kichwa akifika Mbinga? Mji wa Mbinga uko yapata mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Nyasa yako kwenye mita 474 hivi. Treni ya kawaida, gurudumu la chuma juu ya chuma, huanza kupata shida mteremko ukizidi mita 2 au 3 katika kila mita 100. Piga hesabu: kuteremka mita 800 na ushei kwa mteremko wa mita 2 kwa 100 kunahitaji kilomita 40 na zaidi za njia inayoshuka bila kupumzika, na milima ya Umatengo haishuki hivyo, hupanda na kushuka kama inavyotaka. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, inafaulu kwa kona zake kali, ambazo treni haiwezi kuzikata. Reli italazimika kuzunguka zaidi au kutoboa mlima.

Wamatengo wenyewe waliitafutia milima hiyo dawa yao zamani. Ngoro, yale mashimo yanayopangwa kwenye miteremko kama masega ya nyuki, hukamata maji ya mvua yasiondoke na udongo. Mhandisi atakayechora njia ya reli Mbinga angefanya vyema kuanza kwa kukaa na wakulima hao, maana adui wa tuta la reli ni yuleyule wa shamba la mlimani: maji yanayoporomoka.

Je, wajua kwamba mlima mkali kuliko wa Mbinga umeshatobolewa hapahapa nyumbani? Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na treni zikafika mwisho wa njia mwaka 1975. Sehemu iliyowatesa wajenzi ni kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inaliacha bonde la Kilombero na kukwea nyanda za juu. Katika kipande hicho cha kilomita 158 hivi kuna mahandaki 18. Njia nzima ina 22, yaani manne tu ndiyo yaliyobaki kwa kilomita 1,700 nyingine. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa takriban mita 50. Zaidi ya wajenzi 60 kutoka China walipoteza maisha katika ujenzi huo, na Gongo la Mboto kuna makaburi yao. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipande cha safari ya treni kinachostahili kuonwa kuliko vyote Afrika Mashariki, hata kuliko vinavyopita kwenye mbuga za wanyama.

Je, wajua kwamba behewa la kawaida la Reli ya Kati haliwezi kupita juu ya TAZARA? TAZARA ina geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ya milimita 1,067, sawa na Zambia na Malawi; Reli ya Kati ina milimita 1,000. Tofauti hiyo haizidi upana wa vidole vinne, lakini kwa miaka mingi mzigo umelazimika kuhamishwa Kidatu kutoka behewa hili hadi lile. Reli mpya ya SGR ina 1,435. Nchi moja, geji tatu.

Je, wajua kwamba pale ambapo treni haikufika, meli ndiyo iliyofanya kazi yake? Ng'ambo ya ziwa, Malawi walifikisha reli yao hadi Chipoka, mwambaoni, katika miaka ya 1930, ili abiria ashuke kwenye behewa na kupanda meli. Meli Ilala ilianza kutembea ziwani mwaka 1951. Jina hilo ni la kurithi: Ilala ya kwanza, ya mwaka 1875, ndiyo meli ya kwanza ya mvuke kuelea Ziwa Nyasa, na ililetwa vipande vipande ikabebwa mabegani kupita maporomoko ya mto Shire.

Kisa cha meli Chauncy Maples ni kikubwa zaidi. Askofu mwenye jina hilo alizama ziwani mwaka 1895. Misheni ya Kianglikana ya UMCA, ileile iliyoweka mizizi Liuli, ikaagiza meli ya kumkumbuka kutoka Glasgow, iwe shule na zahanati inayoelea. Vipande vidogo vilibebwa na wapagazi. Boila la meli, lenye uzito wa tani 11, halikubebeka. Likawekwa kwenye magurudumu na Wangoni wapatao 450 wakalivuta zaidi ya kilomita 100 porini. Boila, magurudumu, na nguvu ya kuvuta: kilichokosekana ni reli tu. Meli iliingia majini mwaka 1901.

Je, wajua kwamba tukio mojawapo la mwanzo la vita vya majini katika Vita Kuu ya Kwanza barani Afrika linahusishwa na Liuli? Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba uliowakumbusha sanamu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, ya nahodha Rhoades, ikaipiga mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades na hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Palipokosekana reli wala simu ya kuaminika, habari za vita zilifika pamoja na risasi.

Leo mwambao huu una MV Mbeya II, iliyoingia majini mwaka 2021, yenye nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Bandari zake ndogo ndogo ndizo stesheni za watu wa Nyasa. Ratiba, hata hivyo, ina mwenyewe mwingine: mwera, upepo wa kusini unaochafua ziwa katikati ya mwaka na kuwafanya hata wavuvi wa usipa wakae nchi kavu.

Ukitaka kuzunguka nyanda hizi kwa treni, basi na meli, ndugu msomaji, ulizia TAZARA kwanza kama treni ya abiria inatembea, kwa kuwa ratiba zake zimekuwa zikibadilika. Hakikisha unapita Mlimba mchana. Ushuke Makambako, uende na basi hadi Songea na Mbinga, na ukifika Mbamba Bay uliza habari za mwera kabla hujauliza nauli ya meli.