Hatima ya malisho na wanyamapori: Amri ya serikali au mkataba?

Katika Bandari ya Sultan Qaboos, mjini Matrah, shughuli za meli za mizigo zilihamishiwa Sohar mwaka 2014, kufuatia uamuzi wa serikali uliotangazwa mwaka 2011, na bandari ikaachiwa utalii. Ndivyo ilivyo kwa ardhi yote: matumizi yake hufuata kalamu ya mwenye mamlaka. Kwa bandari, meli huhamia kwingine. Kwa wanyama wa porini, kwingine huenda kusiwepo.

Oman inalifahamu hilo vyema. Mwaka 1972 majangili waliwaua choroa wa Arabuni wa mwisho waliokuwa porini, katika jangwa la Jiddat al-Harasis. Kwa bahati njema, baadhi ya choroa walikwisha kupelekwa Phoenix, nchini Marekani, ili wazaliane, na mwaka 1982 vizazi vyao viliachiwa huru katika jangwa lile lile. Walinzi wao walikuwa watu wa kabila la Harasis, wafugaji wa mbuzi na ngamia wanaoijua ardhi hiyo. Mwaka 1994 UNESCO iliiingiza hifadhi hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kufikia mwaka 1996 choroa walikuwa wapatao 450.

Ndipo ujangili uliporejea, safari hii kwa kuwakamata wanyama wakiwa hai na kuwauza. Mwaka 2007 walikuwa wamesalia 65 tu. Serikali nayo iliamua kupunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90. UNESCO ikaifuta hifadhi hiyo katika orodha yake, na ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa eneo lolote kufutwa.

Swali linalojitokeza ni hili: je, upo ulinzi usiotegemea amri ya serikali peke yake?

Nchini Marekani hutumika mkataba wa hifadhi. Mwenye ranchi hubaki na ardhi yake na mifugo yake, lakini huuza au hutoa baadhi ya haki zake, kama vile haki ya kuigawa ardhi viwanja au kuilima. Sharti hilo huandikwa katika hati ya ardhi, na kwa kawaida humfunga hata atakayeinunua baadaye. Katika jimbo la Montana, mpango ulioanza mwaka 1987 hugharimiwa kwa ada za leseni za uwindaji, na mikataba yake huwahakikishia wananchi nafasi ya kuingia na kuwinda kwa utaratibu. Kwa hiyo mwindaji hulipia makazi ya mnyama amwindaye.

Afrika Mashariki nayo imejaribu njia zinazokaribiana na hiyo. Nchini Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, wafugaji wa Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, walianza mwaka 2000 kulipwa dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasizungushe ua wala kuuza ardhi yao. Malipo yalipangwa yaendane na misimu ya karo za shule. Hata hivyo, fedha hizo zilitegemea wafadhili. Ufadhili ulipopungua, malipo yakasimama, na nyua na nyumba zikazidi kuongezeka.

Nchini Tanzania, kijiji cha Terrat, wilayani Simanjiro, kilifunga mkataba na kampuni za utalii mwaka 2005. Nyumbu na pundamilia wa Tarangire huenda kuzaa katika mbuga hizo wakati wa masika. Kijiji hulipwa ili eneo hilo lisilimwe wala kujengwa makazi ya kudumu, na mifugo huendelea kulishwa humo kwa misimu. Mapatano hayo hayakumwondoa Mmasai katika ardhi yake. Yaliyapa nguvu malisho yake dhidi ya jembe.

Kwa upande wa uwindaji, mfano ulio karibu zaidi ni wa Wahadzabe wa bonde la Yaeda. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja. Kwao, ardhi ikilimwa, wanyama huondoka, na haki ya kuwinda hubaki jina tupu.

Mifano hii inaonesha kwamba mkataba nao si kinga kamili. Unahitaji mwenye ardhi anayetambuliwa na sheria, malipo yasiyokatika na msimamizi wa kuhakikisha kila upande unatimiza ahadi. Kitengela ilikuwa na wenye ardhi waliokuwa tayari, lakini haikuwa na fedha za kudumu. Jiddat al-Harasis ilikuwa na walinzi waaminifu, lakini mipaka ya hifadhi haikuwa mikononi mwao. Serikali na wafadhili wanaopanga hifadhi mpya katika nchi za wafugaji hawana budi kuanza na swali hilo: ni nani atakayeulizwa kabla mipaka haijabadilishwa?