Wimbi kwa jina lingine: kula kwa afya, na kushiba, baada ya kuhamia Australia

Wahamiaji wengi wanaoshauriwa na daktari wapunguze ugali huacha mlo wote wa nyumbani, kisha hushindwa na njaa. Watu wa mpaka wa Kenya na Uganda wana ujuzi unaoweza kuwafaa: wanajua kuwa chakula hubadili jina kinapovuka mpaka.

Mjini Busia, mji mmoja uliogawanywa na nchi mbili, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria huuzwa wakiwa wakavu pande zote za mpaka. Upande wa Kenya mnunuzi huulizia omena. Akivuka kuingia Uganda huulizia mukene, na katika Kiswahili sanifu samaki hao ni dagaa. Ndengu za Kenya huitwa choroko upande wa pili. Mchicha huwa dodo. Ugali wenyewe, kutoka Busia hadi Tororo na vijiji vya Kiyeyi, una majina kadiri ya makabila yanayousonga: Wateso huuita atap, Wasamia obusuma, Wajopadhola kwon. Wafanyabiashara wa mpakani hawakufundishwa majina hayo shuleni. Wanayajua kwa sababu asiyeyajua hauzi wala hanunui.

Ujuzi huo hupotea kwa urahisi mtu anapotua Melbourne au Brisbane. Hali inayojirudia ni hii. Mama wa makamo, miaka michache baada ya kuhamia, anapimwa damu na kuambiwa ana kisukari cha aina ya pili. Daktari anataja wanga, na mkalimani anafupisha kwa simu: "Mama, daktari anasema upunguze ugali." Mama anarudi nyumbani, anauficha unga kabatini, na kuanza kula majani mabichi ya saladi, nyanya na kipande cha mkate. Usiku njaa inamwamsha, naye anakunywa chai ya sukari kwa biskuti. Baada ya wiki tatu amerudi kwenye ugali wake wa zamani, sahani ikiwa imejaa kama kawaida, na sasa anaona haya kurudi kliniki. Hapo ndipo penye hatari, kwani sukari isiyodhibitiwa kwa miaka huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu, mara nyingi bila maumivu ya kumwonya mgonjwa mapema.

Kosa si la mama huyo. Aliambiwa aache chakula, hakuambiwa ale nini badala yake. Tena neno "ugali" lilibeba vyakula viwili tofauti katika mazungumzo yale, na hakuna aliyeuliza ni upi.

Ugali upi?

Punje ya nafaka ina sehemu tatu: ganda la nje lenye nyuzinyuzi, kiini cha kuotea chenye mafuta na vitamini, na wanga unaojaza sehemu iliyobaki. Mahindi yakikobolewa ili kupata unga mweupe laini, ganda na kiini huondolewa na kubaki wanga zaidi. Wanga huo humeng'enywa upesi, sukari hupanda katika damu, na baada ya saa chache njaa hurudi. Semolina, ambayo wengi wetu ughaibuni huisonga mahali pa unga wa mahindi, nayo ni ngano iliyokobolewa.

Ugali wa wazee wa Tororo na Busia haukuwa huo. Ulikuwa wa wimbi au mtama, mara nyingi ukichanganywa na muhogo mkavu, nao ulisagwa pamoja na maganda yake. Wimbi, ambalo Watanzania huliita ulezi, lina punje ndogo mno kiasi kwamba kwa kawaida husagwa zima. Kwa hiyo nyuzinyuzi zake hubaki katika unga, na nyuzinyuzi ndizo hupunguza kasi ya mmeng'enyo na kumfanya mlaji akae na shibe. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na watafiti wa taasisi ya ICRISAT na kuchapishwa mwaka 2021 yaliona kwamba watu wenye kisukari waliokula nafaka za jamii hiyo mara kwa mara walipungukiwa na sukari katika damu kwa wastani wa asilimia 12 hadi 15. Wimbi pia lina kalsiamu nyingi, takriban miligramu 340 katika kila gramu 100, jambo la kufaa kwa asiyepatana na maziwa.

Hata hivyo, tusidanganyane. Wimbi bado ni wanga: karibu gramu 70 katika kila gramu 100 za unga wake. Uji wa wimbi uliosagwa laini sana na kutiwa vijiko vitatu vya sukari hautamsaidia mgonjwa kwa sababu tu una rangi ya kahawia. Na muhogo, ambao huulainisha ugali na kuufanya ushikamane, ni wanga karibu mtupu. Ukiuchanganya, uwe kidogo.

Majina mapya dukani

Wimbi liko Australia, tena si kwa bei ya kutisha. Liko katika maduka ya Wahindi, mathalani Harris Park mjini Sydney au Dandenong mjini Melbourne, katika mifuko iliyoandikwa ragi. Mtama huandikwa jowar, uwele huandikwa bajra, na choroko huandikwa moong. Soma pakiti yote, kwa maana kuna bidhaa zinazojiita ragi kumbe ni biskuti zenye sukari na wimbi la kuonjesha. Maduka ya Kiafrika, kama yale ya Moorooka mjini Brisbane, nayo huweza kuwa na unga wa wimbi, lakini mara nyingi duka la Kihindi hushinda kwa bei. (Australia yenyewe hulima mtama kwa wingi, hasa Queensland na kaskazini mwa New South Wales, ila sehemu kubwa huishia kwa mifugo. Usinunue gunia la chakula cha kuku ukidhani umepata nafuu.)

Unga wa ragi ni laini kuliko ule wa kinu cha kijijini na ugali wake hunata. Kuchanganya sehemu mbili za ragi na moja ya jowar husaidia. Wengine huongeza unga wa mahindi yasiyokobolewa, yaani dona, wakiupata.

Mboga ndiyo habari njema zaidi. Mlenda, ule ambao Magharibi mwa Kenya huitwa mrenda, ni mmea uleule wanaoupenda Wamisri na Walebanoni. Tafuta katika jokofu la duka la Waarabu, kwa mfano Lakemba mjini Sydney, pakiti ya majani yaliyogandishwa iliyoandikwa molokhia. Mchicha huuzwa mbichi katika maduka ya Wachina kwa jina een choy. Simsim iliyosagwa, ambayo hukoleza mboga za majani upande wa Tororo, ni tahini ya Walebanoni. Kijiko kimoja cha tahini au cha karanga zilizosagwa hufanya mboga ishibishe, maana mafuta na protini hukaa tumboni kuliko maji ya saladi. Lakini pima kijiko, usimimine, kwa sababu nishati yake ni nyingi.

Mnavu ni mgumu kidogo. Huota wenyewe katika viwanja vingi vya Australia kama magugu, na wapo wanaouchuma kando ya reli. Tusishauri hivyo: mimea inayofanana nao huweza kuwa na sumu, na pembezoni mwa barabara na reli hunyunyizwa dawa za kuua magugu. Wala usibebe mbegu zake mfukoni kutoka nyumbani. Chakula, mimea na mbegu zote lazima zitajwe katika kadi ya abiria unapoingia Australia. Kitu kilichotajwa huweza kuchukuliwa na maafisa, lakini kilichofichwa huweza kukutoza faini ya maelfu ya dola. Aliyezoea kuvuka Busia na kikapu cha mboga hushangazwa sana na uwanja wa ndege wa Sydney.

Jihadhari na chumvi

Wenye shinikizo la damu wana mitego miwili katika mlo huu. Wa kwanza ni magadi. Nyumbani mrenda hulainishwa kwa maji ya majivu, na huku wengi hutumia unga wa soda ya kuokea. Kijiko kimoja cha chai cha soda hiyo kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima. Chukua chembe kwa ncha ya kisu, au uiache kabisa. Mlenda utateleza tu.

Wa pili ni dagaa. Wale wa ziwani hukaushwa kwa jua, lakini samaki wadogo wakavu wa maduka ya Kiasia kwa kawaida ni wa baharini na wametiwa chumvi. Waloweke, mwaga maji, rudia, na usitie chumvi nyingine chunguni. Nyuma ya kila pakiti kuna jedwali la viinilishe lenye safu ya gramu 100. Sodiamu isiyozidi miligramu 120 katika safu hiyo ni kidogo, na zaidi ya 400 ni ya kuangaliwa kwa makini. Nyota za afya zilizo mbele ya pakiti, zinazoanzia nusu hadi 5, zilianzishwa mwaka 2014 na husaidia kulinganisha bidhaa za aina moja, kama mkate kwa mkate. Mfuko wa ragi usio na nyota si mbaya kwa sababu hiyo.

Kwenda kwa mtaalamu wa lishe

Kabla ya kubadili mlo kwa kiasi kikubwa, zungumza na daktari wako, hasa ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Ukipunguza wanga ghafla huku dawa ikibaki ileile, sukari huweza kushuka hadi ukazimia. Mwenye ugonjwa wa figo naye asijiongezee mboga za majani bila kuuliza, kwa sababu ya potasiamu.

Mwenye ugonjwa wa kudumu kama kisukari anaweza kumwomba daktari wake mpango wa matibabu utakaomwezesha kupata ruzuku ya Medicare kwa hadi miadi 5 katika mwaka wa kalenda kwa wataalamu wengine wa afya, akiwemo wa lishe. Uliza mapema kama kuna nyongeza ya kulipa, na uhakikishe mtaalamu huyo ana hati ya APD ya chama cha Dietitians Australia. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili, huduma ya TIS National hupatikana saa 24 kwa nambari 131 450. Omba mkalimani unapoweka miadi, usisubiri siku yenyewe, na usimtumie mtoto wako kutafsiri.

Mtaalamu huenda hajawahi kuona ugali. Usimwambie tu kwamba unakula "uji mgumu". Beba mfuko wa unga wako asome jedwali lake, na umwoneshe picha za sahani yako ya jioni kama ilivyo, si kama ungependa aione. Pendekezo la kawaida ni nusu ya sahani mboga, robo protini kama dagaa, maharage au choroko, na robo wanga, yaani donge la ugali lisilozidi ngumi yako. Ukiwa na kipimo cha sukari nyumbani, pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, siku moja kwa ugali mweupe na siku nyingine kwa donge la ukubwa uleule la wimbi, kisha mpelekee mtaalamu tarakimu zote nne.