Kukokotoa Wigo wa Infraredi wa Molekuli Nyumbufu: Mfano wa Glisini

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hesabu zinavyotabiri wigo wa infraredi wa molekuli ndogo za uhai zilizo nyumbufu, na kwa nini utabiri huo hauna budi kuhojiwa. Kwa neno "nyumbufu" tunamaanisha molekuli iwezayo kupata maumbo kadhaa bila kuvunja kifungo hata kimoja, kama mkono ukunjikao kiwikoni ukabaki mkono uleule.

Tuchukue glisini, asidi amino iliyo ndogo kuliko zote. Ina atomu 10, na kila atomu yaweza kwenda katika pande 3. Mienendo basi ni 30. Tukitoa 3 ya kusafiri na 3 ya kuzunguka kwa molekuli nzima, inabaki mitetemo 24. Mtetemo ubadilishao mgawanyo wa chaji hufyonza mwali wa kipimo chake, na mistari ya ufyonzaji huo ndiyo wigo.

Mkokotoaji hutafuta kwanza maumbo yenye nishati ndogo, kisha huipa kompyuta kazi ya kupima nguvu irudishayo kila atomu inaposogezwa kidogo. Hapo kifungo huchukuliwa kuwa springi kamilifu. Kifungo halisi sivyo kilivyo: kadiri kinavyovutwa ndivyo kinavyolegea. Kwa sababu hiyo namba zipatikanazo huwa kubwa mno, na desturi ni kuzizidisha kwa namba ya kusahihishia, yapata 0.96 kwa mbinu ya B3LYP iliyoenea tangu miaka ya 1990.

Ugumu wajitokeza hapa. Katika umbo la kwanza la glisini, haidrojeni ya kundi la asidi haielekei naitrojeni, na mtetemo wa O-H huonekana karibu na mawimbi 3560 katika kila sentimita. Katika umbo la pili, haidrojeni hiyo huvutwa na naitrojeni. Kifungo cha O-H hulegea, na mstari wake hushuka kwa mamia. Namba moja ya kusahihishia haiwezi kuyatendea haki maumbo yote mawili. Atakayelinganisha mistari michache tu aweza kuliita umbo moja kwa jina la jingine.

Historia yatuonya vivyo hivyo. Mwaka 1978, vipimo vya mawimbi maikro viliona umbo la pili peke yake, ilhali hesabu zilidai kuwa la kwanza ndilo thabiti zaidi. Mwaka 1980 la kwanza nalo likapatikana. Lilikuwa limejificha kwa kuwa chaji zake hazikuachana sana, hivyo ishara yake ilikuwa dhaifu. Kuonekana kwa nguvu si dalili ya kuwa kwa wingi.

Kwa molekuli yenye joto, ibadiliyo maumbo bila kutulia, wataalamu hufuata mwendo wa atomu zote hatua kwa hatua, kisha huupata wigo kutokana na mabadiliko ya chaji katika wakati. Njia hii ni ghali kwa kompyuta. Tena, ndani ya maji glisini huwa na chaji chanya upande mmoja na hasi upande wa pili. Basi hesabu ya molekuli iliyo pekee haiwezi kuuhukumu wigo wa majini.

Kwa kumalizia, tumetenganisha "muundo", yaani mpangilio wa vifungo, na "umbo", yaani mkao wa molekuli. Anayeyachanganya maneno haya mawili hataweza kueleza kwa nini muundo mmoja hutoa wigo zaidi ya mmoja.