Call of Duty kwenye simu: mchezo iko bure, lakini mega na umeme vinalipwa

Kijana wa Luberizi anayetaka kucheza Call of Duty kwenye simu yake hahitaji kununua mchezo wenyewe. Iko bure. Anachohitaji ni simu yenye nguvu, mega za kutosha, umeme wa kushaji, na wakati. Vitu hivyo havipatikani kirahisi kwenye bonde la Ruzizi. Ndiyo maana inafaa kueleza mchezo huu unaleta nini na unakula nini, kabla ya kijana ao mzazi kutoa makuta.

Mama na mtoto

Call of Duty ya kwanza ilitoka mwaka wa 2003, kwa ajili ya kompyuta. Ilitengenezwa na Infinity Ward, studio ya Marekani, na ilihusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Toka hapo zimetoka zingine nyingi, karibu kila mwaka, za kompyuta na za mashine kama PlayStation na Xbox. Hiyo ndiyo mama.

Ile ya simu, Call of Duty: Mobile, ni mtoto wake. Ilitoka tarehe 1 Oktoba 2019. Kampuni yenye jina la mchezo ni Activision ya Marekani, lakini kazi ya kutengeneza ilifanywa na TiMi, studio ya kampuni ya Tencent ya China. Walichukua silaha, wapiganaji na viwanja vya michezo ya zamani, wakaviweka pamoja ndani ya simu. Kufuatana na hesabu ya Sensor Tower, kampuni inayochunguza soko la simu, mchezo ulipakuliwa mara milioni 100 katika wiki ya kwanza.

Mazuri yake

Zuri la kwanza: hauombi televizyo wala PlayStation. Ulipotoka, watengenezaji walisema simu ya Android yenye RAM ya giga 2 inaweza kuubeba. RAM ndiyo ile memori simu inatumia wakati inafanya kazi. Simu ya aina hiyo leo inahangaika, lakini mlango ulifunguliwa hata kwa watu wasio na simu ya bei kali.

La pili: mechi ni fupi. Ile ya watu watano kwa watano inaisha kwa dakika 10 hivi. Kuko pia ile ya watu 100 wanaoruka kutoka ndege, wanapigana mpaka kikundi kimoja kibaki. Hiyo ni ndefu zaidi.

La tatu: ni rahisi kujifunza. Mtu anayeanza anaweza kuchagua namna ambayo bunduki inapiga yenyewe wakati alama inamkuta adui. Vidole vinabaki na kazi ya kutembea na kulenga.

Uzuri huo unaonekana zaidi ukiulinganisha na ndugu yake mdogo. Tarehe 21 Machi 2024, Activision ilitoa mtoto mwingine wa simu, Call of Duty: Warzone Mobile. Huo ulitaka simu zenye nguvu kubwa, na wengi walilalamika kwamba simu zao zinachemka na picha zinakwama. Mnamo tarehe 18 Mei 2025 uliondolewa kwenye maduka ya programu, na Activision yenyewe ilikubali kwamba haukufikia matarajio kwa watu wanaocheza kwenye simu. Ule wa 2019 ulidumu juu ulijengwa kufuatana na simu ambazo watu wanazo mkononi.

Mabaya yake

Baya la kwanza ni mtandao. Mchezo huu hauchezwi bila intaneti. Kila unapotembea ao kupiga risasi, simu inatuma habari kwa mashine kubwa iliyo mbali, seva, nayo inarudisha jibu. Mtandao ukichelewa hata kidogo, unapiga mahali adui alikuwa, si mahali yuko sasa. Unakufa bila kuona aliyekupiga. Kijana anafikiri hajui kucheza, kumbe ni antena.

La pili ni mega. Mechi yenyewe haili sana. Kinachokula ni kuupakua mara ya kwanza, unapita giga 1 kirahisi, halafu masasisho. Karibu kila mwezi kunafunguliwa msimu mpya, na kila msimu unaleta vitu vya kupakua. Ukikataa kusasisha, mchezo unakufungia mlango. Kwa hiyo bure ya siku ya kwanza inageuka malipo ya kila mwezi, kwa kampuni ya simu.

La tatu ni umeme. Picha za kasi na intaneti pamoja vinamaliza betri haraka. Mwenye kulipa kushaji simu kwenye sola ya jirani atalisikia jambo hili mfukoni mbele ya mengine.

La nne ni duka la ndani. Nguo za wapiganaji na rangi za bunduki vinauzwa kwa makuta ya kweli. Vingine vinapatikana kwa bahati: unalipa bila kujua utapata kitu gani, na kila unaporudia bei inapanda. Hiyo inafanana na kamari. Mtu anaweza kushinda mechi bila kununua kitu, lakini mtoto aliyepewa simu yenye pesa za mama ndani hajui hilo.

Tena, ushindi wa siku za kwanza unadanganya. Wapinzani wengi wa mtu anayeanza si watu, ni roboti za mchezo. Wakija watu wa kweli, anaanza kushindwa, na hapo ndipo duka linamvutia.

Vita bila raia

Kuko baya lingine, ambalo watu wa huku wanaweza kulitambua mbele ya wengine. Michezo mama mingi ina hadithi: kuko sababu ya vita, kuko watu wanaopoteza wenzao. Kwenye mechi za simu, mpiganaji akikufa anasimama tena baada ya sekunde chache. Hata katika ile ya watu 100, aliyekufa anaanza mechi ingine. Hakuna raia, hakuna anayekimbia na godoro kichwani, hakuna anayezika.

Wakati mmoja Call of Duty ilishitakiwa juu ya jambo la namna hiyo. Black Ops II, iliyotoka mwaka wa 2012, ilimwonyesha Jonas Savimbi, aliyeongoza UNITA katika vita ya Angola. Watoto wake watatu walishitaki nchini Ufaransa mwaka wa 2016, wakidai euro milioni 1, wakisema baba yao ameonyeshwa kama mtu mkali asiye na akili. Mahakama ya Nanterre haikuwapa haki. Lakini kesi hiyo ilikumbusha kwamba vita inayochezwa na mmoja ni familia ya mwingine.

Je, mchezo unafanya mtoto kuwa mkali? Shirika la wanasaikolojia wa Marekani, APA, lilisema mwaka wa 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kusema michezo ya video inaleta jeuri. Na mtoto wa Luberizi, penye kambi ya jeshi, hangojei simu ili aone bunduki. Mwaka wa 1996 vita ya AFDL ilianzia upande huu wa Kivu ya Kusini, na watoto walioingizwa ndani yake wakaitwa kadogo. Mzazi aliyeona wakati huo anajua kitu ambacho mchezo hausemi. Afazali akiseme mtoto akiwa na simu mkononi, kuliko kunyang'anya simu tu bila neno. Marekani mchezo huu umewekewa umri wa miaka 17 na zaidi.

Mbele ya kupakua

Angalia nafasi iliyobaki kwenye simu na RAM yake. Zima masasisho ya moja kwa moja, usije ukakuta mega zote zimekwisha usiku. Ndani ya mchezo, pakua tu viwanja unavyotumia, acha picha za ubora wa juu. Usiache namba ya siri ya pesa za simu mikononi mwa mtoto. Halafu andika kwenye karatasi mega na kushaji za mwezi mmoja, ujumlishe. Hiyo ndiyo bei ya mchezo.